Kipimo cha Kazi Hupima Ulichokionja

Swali lilikuwa fupi: ungependa kufuga samaki katika kituo cha kutotolea vifaranga? Majibu yalikuwa matano, kuanzia "sipendi kabisa" hadi "napenda sana". Mpwa wangu hakusita. Alibonyeza "sipendi kabisa" kwa kidole gumba, akasonga mbele.

Tulikuwa tumeketi kwenye benchi nje ya nyumba yao Manyatta, hapa Kisumu, jua likizama. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yameshatoka, na kila mgeni aliyepita alimuuliza jambo lile lile: sasa utasomea nini? Ndipo nikamfungulia kipimo hicho cha kuchagua kazi kwenye simu yangu, kwa kuwa simu yake ilikuwa imeishiwa bando. Nikamuuliza kwa nini samaki kamkataa upesi hivyo.

"Samaki, anti? Samaki ni kazi ya dani."

Dani ni nyanya yake, yaani mama yangu mzazi. Amekaanga samaki kando ya barabara kwa miaka inayozidi umri wa mjukuu wake, na samaki hao ndio waliotulipia karo sisi sote. Lakini mtoto hakuiona karo. Aliona moshi, mikono yenye makovu ya mafuta, na zile asubuhi za kurudi kutoka ufuoni na karai tupu kwa sababu bei imepanda. Alipoulizwa kuhusu kufuga vifaranga, alijibu kuhusu karai la dani.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiketi na vijana wa mtaani wakijaza vipimo vya aina hii, wengine wakitoka na furaha, wengine wakitoka wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia. Jibu hilo la samaki ndilo lililonionyesha mahali fundo lilipo. Kipimo hakikukosea hesabu. Kilijumlisha kilichopewa. Ila kilichopewa kilikuwa jibu la swali jingine.

Tulifungue fundo hilo taratibu, tuanzie mbali kidogo.

Wazo la kumsaidia mtu achague kazi kwa kujipima lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1908, mjini Boston, Marekani, Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwaelekeza vijana waliokuwa wakitafuta kazi. Alifariki mwaka huo huo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Fundisho lake lilikuwa na vipande vitatu: mtu ajijue mwenyewe, aijue kazi, kisha apime kwa akili jinsi hivyo viwili vinavyokutana. Kishike vizuri kipande cha pili, kwa sababu vipimo vya kwenye simu vingi hukupa cha kwanza na kukuacha hapo.

Aliyevipa vipimo hivyo sura tunayoijua leo ni John Holland, mwanasaikolojia Mmarekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa jeshini akiwahoji makuruta, akaona kwamba historia za kazi za watu, hata ziwe nyingi namna gani, hujikusanya katika mafungu machache. Mwaka 1959 alichapisha nadharia yake. Kipimo alichojaza mpwa wangu kimejengwa juu ya nadharia hiyo. Ni cha Wizara ya Kazi ya Marekani na hakilipiwi hata senti. Kina maswali 60, kumi kwa kila fungu, na kila jibu lina alama 0 hadi 4. Kwa hiyo fungu moja haliwezi kupita 40.

Mafungu ni sita, kila moja na herufi yake, na sijaona njia nyepesi ya kuyaelewa kuliko kutembea soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Anza kwa mafundi wa bati. Yupo mmoja ninayempenda kumtazama, anayeunda masanduku ya wanafunzi wanaoenda bweni. Hukunja bati juu ya chuma, hupima kona kwa jicho, kisha kwa rula kana kwamba anataka kuhakikisha jicho halijamdanganya, halafu hugonga mara mbili na pembe inakaa. Huyo ni mtu wa R: mikono, vyombo, vitu vinavyoshikika. Jirani yake anaunda masanduku yale yale, lakini linalomkosesha usingizi ni jingine. Anataka kujua kwa nini bati moja linashika kutu baada ya msimu mmoja wa mvua na jingine linadumu. Huyo ana I nyingi, uchunguzi. Kijana anayechora maua na majina kwenye vifuniko, na anayegoma kurudia ua la jana, ni wa A, sanaa. Songa hadi kwenye mitumba. Kuna mama ambaye wateja humweleza shida zao kabla hawajashika nguo; hiyo ni S, kazi za watu, za kufundisha, kuuguza na kusikiliza. Mwenzake alianza na furushi moja, leo ana vibanda vitatu na anajua nani wa kumshawishi na kwa maneno gani. Hiyo ni E, biashara na uongozi. Na mweka hazina wa chama chao, yule ambaye daftari lake halijawahi kupotewa na shilingi, ni wa C, utaratibu.

Wote wako soko moja. Hapo ndipo vijana wengi, na wazazi zaidi, hujikwaa: wanachukua herufi kama jina la kazi. "Nimepata S, basi nitakuwa nesi." Lakini ingia hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, uhesabu. Muuguzi yuko kwenye S, naam. Anayesoma damu kwa darubini yuko kwenye I. Anayetengeneza mashine za oksijeni zinapokwama yuko kwenye R, anayetunza rekodi za wagonjwa kwenye C. Herufi inakuambia upande wa jengo utakapokaa kwa raha. Jengo lenyewe utalichagua wewe.

Tena mtu hana herufi moja. Matokeo husomwa kwa herufi mbili au tatu za juu pamoja, na Holland alizipanga zote sita kwenye umbo la pembe sita kwa mfuatano wa R, I, A, S, E, C. Zinazokaribiana zinafanana, zinazotazamana zinatofautiana zaidi: R na S, I na E, A na C. Ukipata mbili zinazotazamana, kwa mfano sanaa na utaratibu, usidhani kipimo kimeharibika. Unahitaji tu kutafuta kwa makini zaidi, kwa sababu kazi zinazobeba vyote viwili ni chache, kama kupanga kurasa za vitabu au kuchora ramani za majengo. La sivyo, moja itakuwa kazi ya siku za wiki na nyingine ya Jumamosi, na hilo pia ni maisha mazuri.

Sasa lile fundo.

Watu husema "nimefanya tesiti ya kazi" kana kwamba zote ni za namna moja. Kuna vitu vinne tofauti vinavyopimwa, na kuvichanganya ndiko kunakowapoteza wengi. Kuna mapendeleo, yaani unachofurahia kukifanya; hapo ndipo Holland alipo. Kuna uwezo, yaani unachokiweza kweli, na hicho hakipimwi kwa kuulizwa unapenda nini. Hupimwa kwa kupewa kazi ukaifanya. Mtu anaweza kupenda kuimba mpaka machozi na sikio lake lisijue noti. Kuna unachokithamini: mshahara, muda wa kuwa nyumbani na watoto, heshima mbele za watu, kukaa karibu na wazazi waliozeeka. Na kuna hulka, namna unavyojibeba: mpole, mwenye haraka, mwenye kuchoshwa na umati.

Ukipata 35 kwenye uchunguzi, umeambiwa kwamba unapenda kuchunguza. Hujaambiwa kwamba utapita kemia. Nimemwona kijana akilia kwa sababu kipimo kilimpa matumaini ambayo alama zake za fizikia zilikuja kuyavunja, na nikamwona mwingine mwenye A ya hisabati aliyeipeleka kwenye uhasibu bila kujiuliza hata mara moja kama anafurahia kukaa na tarakimu kutwa. Wote wawili walishika kipande kimoja wakadhani ni mkate mzima.

Vipimo vya hulka vinahitaji tahadhari zaidi. Kinachojulikana sana ni kile cha herufi nne, cha Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, waliokitoa kwenye mawazo ambayo Carl Jung aliyachapisha mwaka 1921. Kinawagawa watu katika makundi 16. Kasoro yake iko kwenye kukata: kila upande kinakata watu katikati, hivyo wawili waliopishana kidogo tu pale kati wanapewa herufi zinazopingana kana kwamba ni mbingu na ardhi. Ndiyo maana wengi wakikirudia baada ya wiki chache hupata kundi jingine. Hata wanaokisimamia wanasema kisitumike kuchagua wafanyakazi. Kitumie kwa mazungumzo ukipenda, ila usikitumie kuchagua kozi ya miaka minne.

Anayeuza samaki ufuoni anajua mambo haya bila kusoma saikolojia. Mizani ikipima samaki yule yule mara mbili na kutoa kilo tofauti, anaitupa. Lakini hata mizani ikiwa sawasawa, haimwambii kama samaki ni wa leo au wa juzi. Kwa hilo anafunua matamvua na kuangalia. Kipimo cha kazi pia kina maswali hayo mawili: je, kinatoa jibu lile lile ukikirudia? Na je, kinapima kile unachotaka kukijua, au kingine?

Kuna na mtego wa tatu, wa maneno matamu. Mwaka 1948, Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha hulka, kisha akampa kila mmoja maelezo yake binafsi na kumwomba ayape alama kwa usahihi, kati ya 0 na 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, mengi yakitoka kwenye kitabu cha nyota. "Una vipaji ambavyo hujavitumia bado." Nani asiyejiona humo? Kwa hiyo matokeo yakikusifu hadi ukasisimka, jiulize kama jirani yako naye asingesisimka. Na anayekutaka ulipe ili asome kazi yako kwenye alama za vidole, mpite. Mistari ya vidole haijui lolote kuhusu unachopenda.

Turudi kwenye samaki, kwa sababu hayo yote unaweza kuyajua na bado ukajaza kipimo kizuri vibaya.

Swali la mapendeleo linadhani kwamba unaijua kazi unayoulizwa. Kijana ambaye nyumbani kwao kuna kabati lililoundwa na baba yake mbele ya macho yake anapoulizwa kama angependa kuunda makabati ya jikoni, swali ambalo kweli limo, anajibu kwa kumbukumbu ya harufu ya mbao. Ambaye hajawahi kushika randa anajibu kwa kubahatisha. Kipimo hakitofautishi. Wote wawili wamebonyeza "sipendi", wote wawili wamepata sifuri au moja, na mashine imeandika kwamba hawana moyo wa kazi za mikono. Nionavyo mimi, kwa vijana wa huku kwetu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko herufi kubadilika. Kutojua kunasomeka kama kutopenda.

Na hukosea upande wa pili vile vile. Mpwa wangu alipofika kwenye swali la kutengeneza dawa mpya, alibonyeza "napenda sana". Hajawahi kuona maabara zaidi ya ile ya shuleni. Alichokipenda ni koti jeupe, na jinsi jina lake lingetajwa kanisani. Tuliporudia maswali yote taratibu, nikimwomba aniambie ni wapi alipowahi kumwona mtu akifanya kazi hiyo kwa macho yake, alikwama kwenye maswali 23. Zaidi ya theluthi ya kipimo ilikuwa imejibiwa na uvumi.

Wasichana hupunjwa zaidi hapa. Wavulana hupata alama za juu kwenye kazi za vitu, wasichana kwenye kazi za watu, na sehemu ya tofauti hiyo nimeiona ikitengenezwa nyumbani: pampu ikikwama anaitwa kaka, mtoto akilia anaitwa dada. Msichana aliyekatazwa spana tangu utotoni akibonyeza "sipendi" kwenye ufundi, usiharakishe kusema ndivyo alivyo.

Kwa hiyo ninapoketi na kijana sasa, simu haifunguliwi kwanza. Tunaanza na karatasi na kuandika alichowahi kufanya hadi akasahau njaa, hata kama ni kusuka nywele au kutengeneza redio ya jirani. Kisha anajaza, na namsisitizia kwamba "sina hakika" ni jibu la heshima. Wengi huliogopa wakidhani linaonyesha ujinga. Akimaliza, tunaweka alama kwenye maswali aliyoyajibu kwa kubahatisha. Hayo ndiyo dhahabu. Anachagua matatu kati yake na kwenda kutazama, nusu siku kila moja, akimuuliza mfanyakazi: jana, tangu asubuhi, ulifanya nini? Nini kinakuchosha? Ulipitia wapi hadi ukafika hapa? Swali la jana ni muhimu kuliko yote, kwa maana mtu akiulizwa kuhusu kazi yake kwa jumla hutoa hotuba, lakini akiulizwa kuhusu jana hutoa ukweli.

Halafu anajaza tena. Mara nyingi namba hubadilika, na mabadiliko hayo yanaeleza mengi kuliko namba zenyewe. Usijali sana kama S ni 31 na E ni 29. Tofauti ndogo hivyo haina uzito. Angalia mabonde na milima: 36 dhidi ya 8. Na kama mafungu yote yako karibu sawa, hilo nalo ni jibu, kwamba bado hujaonja vya kutosha.

Milango ya kupitia ni habari nyingine, na hapo kipimo kimenyamaza kabisa. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi vyuoni, haikuulizi unapenda nini peke yake. Inahesabu pointi za kundi la masomo manne, na hazizidi 48. Shahada inataka wastani wa C+, stashahada C-, cheti cha ufundi D. Aliyejifunzia ufundi karakanani bila vyeti anaweza kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Gredi III kupanda hadi I, na mamlaka hiyo ina kituo hapa Kisumu. Ninawatajia vijana njia hiyo ya mwisho kwa sauti kubwa, maana wengi wa R wenye D kwenye karatasi huambiwa wameshindwa, na mlango wao upo.

Wadogo zao wa CBE, mtaala mpya wa Kenya, wanakutana na jambo hili mapema zaidi. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, mwishoni mwa Gredi 9, na lilitakiwa kuchagua kati ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Wengi wana miaka kumi na minne au kumi na mitano, na mapendeleo ya umri huo bado yanatembea. Si kila sekondari ya juu ina mikondo yote, kwa hiyo chaguo la mkondo mara nyingi ni chaguo la shule, na chaguo la shule ni nauli na karo. Mzazi wa Gredi 9 akiniuliza kuhusu vipimo, namwambia avitumie kumfungulia mtoto milango ambayo hajaifikiria. Asivitumie kufunga hata mmoja.

Mpwa wangu alichagua samaki kuwa moja ya safari zake tatu, kwa shingo upande, kwa sababu nilimwomba. Tulienda kwenye kituo cha vifaranga upande wa Ahero. Dada mmoja, labda amemzidi miaka sita, alikuwa ameingia kwenye bwawa hadi mapajani. Alimtoa ngege jike, yaani tilapia, kwenye wavu, akamfungua kinywa kwa kidole kimoja, akamwinamisha juu ya beseni. Mayai yakamwagika majini, ya manjano, kama mtama. Ngege huatamia mayai kinywani, akatueleza, na hapo wanayatoa na kuyaweka kwenye mitungi ambamo maji huzunguka mchana na usiku hadi yaanguliwe. Kisha akapangusa mikono, akafungua daftari lenye mistari, akaandika tarehe, namba ya wavu na hatua ya mayai. Vifaranga vikikua, huuzwa kwa wenye vizimba ziwani.

Mpwa wangu, ambaye kipimo kilimpa 32 kwenye utaratibu na 6 kwenye kazi za mikono, alisimama muda mrefu juu ya lile daftari. Aliuliza kwa nini mayai mengine yameandikwa hatua ya kwanza na mengine ya tatu. Aliuliza wanajuaje joto la maji usiku. Aliuliza yule dada alisomea wapi, naye akamjibu: stashahada, aliingia na C-.

Tuliporudi alilifungua swali lile tena. Hakubonyeza "napenda sana". Alibonyeza "sina hakika", akaniangalia kana kwamba ananingoja nimkosoe, nami sikusema neno.

Jioni hiyo alikwenda kwa dani barabarani, akavuta kigoda, na kumuuliza jambo ambalo sijawahi kumsikia akiuliza: ngege wa kizimba na ngege wa ziwani, wateja wako wanawatofautisha vipi? Dani aligeuza samaki kwenye mafuta, akafuta mikono kwenye leso, akaanza kumweleza.